Ngoie amekata mistari yangu

Kamina, Jumanne jioni.

Bapumbavu bote! Minyi njo mwandishi wa kwanza wa kartié hii, mtaa wetu, hata kama sikumaliza masomo. Ile filme ya komando tuliyoona kwa video, minyi niliandika mwendelezo wake mu kayé, daftari yangu. Kila musomaji anaandika maoni ku kurasa za nyuma, njo sheria yangu.

Rafiki yangu Ilunga ameandika: "Bwongo, uwongo mutupu! Askari wako anapigana? Wetu wanakimbia na kuku zetu!" Nilicheka tu.

Lakini Ngoie, binti wa jirani, hakuandika kitu nyuma. Pale askari mudogo anakufa, alikata mistari yangu mine na kalamu ya biki, akaandika: "Hakufa. Anarudia nyumbani."

Nilienda kwao na kasirani. "Weye, nani alikupa ruhusa?"

"Yaya, mukubwa wangu, yako ni hadithi tu," akasema. "Kaka yangu iko ku vita, na barua yake haifiki."

Basi! Mu kayé yangu, mutu anakufa minyi nikisema. Nimekaa kumuua tena, vizuri zaidi.

Niko ku mustari wa tatu wa kifo chake, na mule mu kayé mupumbavu yule askari ameisha kushuka ku treni, anauliza njia ya kwa Ngoie.