Pigo la Mtungi wa Gesi

Bi Insaf mpendwa,

Nakuomba msaada, ingawa naandika huku nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana sijawahi kuwa na furaha kama ya mwezi huu na nahisi nimeiiba.

Mimi ni mwanafunzi wa muziki hapa Kairo, kwetu ni Shubra, na rafiki yangu Shadi anayesomea filamu aliniomba nimtungie muziki wa filamu yake ya kuhitimu, dakika kumi na mbili tu, mjane anafunga vyombo ahame nyumba aliyoishi tangu aolewe, nami kwa kuwa ndiyo mara yangu ya kwanza nikamwaga kila nilichofundishwa, fidla nane, kinanda cha nyuzi cha kanuni, filimbi ya nai inalia mwanzo hadi mwisho, Shadi akasikiliza akasema, "Yumna dada yangu, huyu mama anahama, hajafiwa na mji mzima." Nikafuta yote, nikakaa wiki mbili sina kitu.

Asubuhi moja naosha vikombe, Usta Gaballah mwuza gesi akapita na mkokoteni wake akigonga mtungi kwa spana, na kila mwuza gesi ana pigo lake, la kwake ni mawili ya haraka, kimya, halafu moja zito, nalijua tangu utotoni, basi nikaacha bomba linamwaga maji nikakimbilia ala yangu ya udi, na kufikia alasiri filamu nzima ilikuwa imekaa juu ya pigo lile, udi na fidla moja, na pale mjane anapokunja pazia la mwisho nikaliacha lile zito lisije kabisa. Nililia kwa furaha, mama akadhani nimefeli.

Nikaufungulia muziki kwa sauti kubwa, dirisha wazi. Jirani yetu Bi Awatif akasikia pigo akadhani ni mwuza gesi, akaburuta mtungi wake mtupu kutoka ghorofa ya nne hadi chini, asikute mtu, na Gaballah alipofika kweli alimkuta Bi Awatif anamngoja mlangoni.

"Umepita ukaniacha nimesimama hapa kama mlingoti."

"Mimi? Wallahi ndiyo kwanza naingia mtaa huu."

"Na kuapa juu yake! Nilikusikia kwa masikio yangu."

Nami niko dirishani nacheka, sikushuka.

Sasa profesa wangu ameusikia muziki, akaniuliza pigo lile nimelitoa wapi, nikajibu, "Limenijia tu." Alhamisi filamu inaonyeshwa ukumbini na nimetakiwa niwaeleze wanafunzi wapya nilivyotunga. Shadi ananiambia, "Ukimtaja mwuza gesi watatucheka hadi tuote mvi." Mimi naogopa kingine, kwamba nikimtaja hakutabaki kitu changu. Nifanyeje?

Yumna, Shubra

Yumna mwanangu,

Nimecheka nawe hadi nilipofika kwa Bi Awatif, hapo nikaacha. Gaballah, mtu mzima, ameitwa mwongo mbele ya mtaa, na wewe mwenye jibu ulikuwa dirishani unashika mbavu. Kisha ukaenda chuoni ukawa mwongo wa kweli. Aibu kidogo, binti.

Furaha yako hujaiiba. Wanamuziki wangapi wamekaa Shubra miaka yote wakisikia mtungi huo, wakaishia kununua gesi? Pigo ni la Gaballah. Kuliondoa lile zito wakati mjane anakunja pazia, hilo hukufundishwa na mtu, na hakuna atakayekunyang'anya. Ila jina lako halitakaa vizuri pale mpaka la kwake liwe pembeni yake.

Leo hii panda ghorofa ya nne umwambie Bi Awatif aliyemshusha ngazi bure siku ile ni wewe. Atakugombeza, vumilia. Kesho mwone profesa wako faraghani, asije akausikia ukweli ukumbini pamoja na wageni. Shadi mwambie hivi: anayetengeneza filamu ya mjane wa mtaani huku akiona haya kumwandika mwuza gesi wa mtaani hajaielewa filamu yake mwenyewe. Aandike mwishoni mwa filamu, "Pigo: Usta Gaballah." Maneno matatu hayamwoteshi mtu mvi.

Halafu msubiri Gaballah mlangoni, mkaribishe chai, mpigie udi wako mwanzo hadi mwisho, umwombe ruhusa kama mtu unayemheshimu, na umkaribishe Alhamisi akae safu ya mbele. Na akikuambia kwamba lile pigo la pili umeliwahisha, usimweleze habari za chuo. Ondoa chai mezani, mpe spana agonge, usikilize tena.