Mahari ya Kendi

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi nimefuta matangazo mawili ya dawa ya kila ugonjwa na video ya nyoka mwenye vichwa viwili. Nimemkumbusha yule anayeuza jogoo kwamba tangazo moja kwa siku linatosha. Nimetangaza maji: upande wa juu leo mchana, upande wa chini kesho. Kazi ya admin wa kundi la WhatsApp la majirani imekwisha kabla chai haijapoa.

Naipenda kazi hii. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, nikastaafu, na sasa nina mtaa mzima wa Kaaga mfukoni. Hawajui kunyamaza.

Sisahihishi mtu. Hicho ni kiapo. Mwaka jana nilikuwa nasahihisha kila r na kila l, kila ngeli, mpaka mtu akaandika, "Hii ni grupu ama ni darasa?" Kundi likawa kimya wiki mbili. Hata mbuzi akipotea hakuna aliyethubutu kuandika. Tangu hapo nikiona kosa nalipita.

Saa nne Ireri ameandika. Mpangaji mgeni, Mmbeere wa Kiritiri, anaishi kule chini peke yake na binti yake mdogo. Hajawahi kuandika kundini:

"Hamjambo majirani. Mwenye anajua mahari ya Kendi anitumie. Nataka nimalize hiyo maneno Jumamosi kabla shule zifunguliwe."

Alitaka mahali. Duka la Kendi, anayefuma sweta za shule, limehama kutoka barabarani, na mtoto wa Ireri anahitaji sweta. Kwao r na l ni herufi moja. Nilijua papo hapo. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Kisha nikakumbuka kiapo, nikaenda kuchuma sukuma wiki.

Jumanne, 21 Aprili

Hongera zimejaa. Hongera Kendi, hongera Mama Kendi, picha za mbuzi, picha za keki. Mmoja ameuliza kama Wambeere hulipa kwa asali.

Mama Kendi hakuona cha kuchekesha. Kendi ni mtoto wake wa pekee, miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana familia moja ilikuja kumwangalia. Wakala, wakaomba, wakaondoka, hawakurudi. Hatulitaji jambo hilo mbele yake. Na sasa mahari ya binti huyo huyo inaulizwa kwa simu, watu wote wakisoma. Huko Kangeta alikozaliwa Mama Kendi, binti hazungumziwi kabla kile kitita cha miraa cha uchumba, ncoolo, hakijafikishwa nyumbani.

Ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara tatu.

"Huyo kijana kama anataka mahali ya Kendi, alete wazee. Msichana wangu si kuku ya kuulizwa kwa simu."

Halafu akatoka kundini.

Mahali, amesema. Mama Kendi ni Mwigembe. Ulimi wake hukimbilia l kama wa Ireri unavyokimbilia r. Yaani mwenye kutaka mahali ameandika mahari, na mwenye kusema mahari ametamka mahali. Ningekuwa bado darasani ningelitumia somo hili mwaka mzima.

Watu watatu wameniandikia pembeni nimtoe Ireri. Sikumtoa. Nilijiona nina busara sana. Sikusahihisha pia.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ireri amenipigia simu. Ana sauti ya upole, ya mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa.

"Mwalimu, nimesikia ile sauti ya Mama Kendi. Zile hongera nilidhani ni za duka mpya, lakini sasa nimeelewa makosa yangu. Nilihamia kwenu bila kuletwa na mtu, alafu naanza kuuliza watu mahari. Kwetu pia mgeni huletwa. Nimeita mjomba wangu. Anakuja Jumamosi na mzee mwingine."

Maskini. Anadhani Kaaga huonyeshwi duka la sweta mpaka uje na wazee.

Hapo ndipo ningesema. Lakini ningesema pia kwamba nilijua tangu Jumatatu, na kwamba nilimwacha achekwe siku tatu. Niliona aibu. Sina sababu nyingine. Nikamwambia, "Sawa, karibuni."

Jioni mtaa wote umejua kwamba wazee wanatoka Kiritiri.

Alhamisi, 23 Aprili

Mama Kendi amekuja kuazima viti. Alikuwa anaimba tangu langoni.

Amesafisha nyumba. Amechachusha uji wa wimbi. Amemtuma mtu Kangeta akawaambie dada zake. "Ametuma wazee kweli, Mwalimu. Na mimi nilimkaripia bure. Wanasema ni mtu wa kanisa. Na ule mtoto wake ako na adabu."

Nilifungua mdomo. Akaniuliza kama kitambaa cheupe kinafaa mezani au ni cha msiba. Nikasema kinafaa. Nikamsaidia kubeba viti mpaka kwake, viwili viwili, nikipita kwenye matope.

Mimi ni mwoga. Niliandike hapa nilione.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Kendi dukani, nyuma ya kinu cha posho. Mashine ya kufuma ilikuwa inalia, sweta za kijani zimerundikana mpaka dirishani. Nilimweleza yote bila kupumua. Hakuacha kufuma.

"Najua, Mwalimu. Nilijua nikisoma tu. Mimi ni mtu wa sweta. Nani mwingine anataka kumaliza maneno kabla shule zifunguliwe?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake.

"Ameanza kuimba. Tangu wale watu wa mwaka jana hajaimba kwa hiyo nyumba. Nikaona nimuachie kidogo." Akakata uzi. "Lakini kesho utasema wewe. Mimi siwezi."

Nimerudi nyumbani nikiona haya zaidi kuliko nilivyotoka. Mtoto niliyemfundisha darasa la tano ana ujasiri wa kunyamaza kwa upendo. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafurahia kichekesho.

Jumamosi, 25 Aprili

Wamefika saa tano. Mjomba mwenye koti zito na kofia, mzee mwenzake, Ireri katika shati lililopigwa pasi, na binti yake. Wamebeba mtungi wa asali. Mama Kendi alivaa kile kitenge cha harusi za watu wengine. Dada zake watatu walijipanga ukutani.

Baada ya maombi mjomba alisimama. "Tumemleta kijana wetu. Amekaa hapa bila kujulikana, sasa mmjue. Na tunaomba ile mahari."

"Mahali tutaongea," akasema Mama Kendi, akitabasamu sana. "Kwanza mkule."

Nikasimama. Niliweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Niliwaambia neno ambalo Ireri alikuwa anatafuta, na neno ambalo Mama Kendi alikuwa anasema. Niliwaambia kwamba nililiona kosa Jumatatu, nikacheka, nikanyamaza. Kwamba Ireri alitaka tu kujua duka liko wapi. Niliomba msamaha kwa nyumba zote mbili.

Mjomba alimuuliza Ireri jambo kwa Kimbeere, na Ireri akatazama sakafu. Dada mmoja wa Mama Kendi alicheka kidogo, akaacha. Mama Kendi alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza, anaikunjua, anaikunja tena. Sijawahi kuuchukia mdomo wangu hivyo.

Kisha akamgeukia mtoto. "Unaitwa nani?"

"Wanja."

"Sweta yako ni size gani, Wanja?"

Hakujua. "Kendi, leta tepu," akasema Mama Kendi. Kendi akampima mtoto pale pale katikati ya wazee, mabega, kifua, mikono, Ireri akishika daftari. Mama Kendi alisubiri mpaka wakamaliza. Akasema chakula kinapoa.

Walikula vizuri. Mjomba aliomba uji mara ya pili.

Jioni nimeandika kundini. Kosa lilikuwa la herufi moja, nami nililiona kwanza nikanyamaza. Ireri asichekwe tena, Kendi asiulizwe kitu. Nimetaja na duka liko wapi. Wamejibu kwa heshima. Mmoja ameandika, "Mwalimu, afadhali urudi kusahihisha." Nitarudi, lakini pembeni, kwa mtu mmoja mmoja.

Jumapili, 26 Aprili

Baada ya ibada Mama Kendi amekuja. Tumekaa verandani. Nilianza kuomba msamaha tena, akanikatiza.

"Ungeniambia Jumatatu, ningekasirika siku moja, ikaisha. Lakini hiyo wiki singeipata. Ilikuwa wiki mzuri, Mwalimu. Siku tatu nilikuwa mama ya msichana anakujiwa na watu."

Nilimmiminia chai.

Ameniomba nimrudishe kundini, nikamrudisha hapo hapo. Akavaa miwani, akapandisha kidole kwenye simu mpaka kwenye zile hongera za Jumanne. Alizisoma moja moja, polepole, midomo ikitembea. Nilimwacha asome.

Mvua imeanza tena saa kumi. Sweta ya Wanja iko tayari.