Yeye Yuko Darini

Wandegeya, 2 Februari 1972

Mama mdogo Maimunah,

Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu. Barua hii anakuletea Alum muuza samaki, kwa hiyo nasema wazi.

Kaka Tarcisio ametoroka kambi ya jeshi. Askari wenzake Waacholi kumi na wanne walifungwa mikono wakachomwa singe, kwa sababu ya kabila lao tu. Yeye alilala chini ya maiti mpaka walinzi walipokwenda kula. Sasa yuko darini, juu ya chumba changu. Marehemu Baba alikuoa ukiwa mwalimu wa madrasa. Je, huwezi kumchukua huko kwako Bombo kama mwanafunzi wako?

Mwanao,
Akot

Bombo, 5 Februari 1972

Binti yangu,

Goti linauma, moyo zaidi. Ijumaa nitakuja na gari na kanzu. Kwenye vizuizi nitasema ni mwanafunzi wangu wa Kiarabu, basi ajue japo mwanzo. Ana ni mimi. Anta, wewe mwanamume. Anti, wewe mwanamke. Huwa, yeye mwanamume. Hiya, yeye mwanamke. Nahnu, sisi. Hum, wao.

Tungeni sentensi za mambo ya nyumbani, ndivyo maneno yanavyokaa kichwani. Na huyo kaka yako asiniletee ubishi wake wa misheni!

Mama yako mdogo,
Maimunah

Wandegeya, 9 Februari 1972

Mama mdogo,

Nisamehe, leo siwezi kukusalimu vizuri.

Jana mchana waliingia askari watatu. Daftari lilikuwa mezani. Mmoja akasoma kwa sauti: “Ana jikoni. Hum barabarani. Huwa darini.” Akacheka. “Dada, umesoma kweli! Huwa nani?”

Nikasema ni zoezi tu. Akanipiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka. Kisha akaelekeza bunduki juu, akafyatua mpaka damu ikachuruzika kati ya mbao. Wakamvuta chini kwa miguu, wakamtupa kwenye buti la gari. Alikuwa amekwisha kufa.

Asubuhi, kabla hawajaja, Tarcisio aliniambia niuchane ule ukurasa wa daftari. Nilikataa. Nilitaka uuone mwandiko wangu.

Nimemuua.
Akot

Bombo, 10 Februari 1972

Akot,

Sikuulizi hali.

Ulikosea. Nami nilikosea kusema mtunge ya nyumbani, sitakudanganya. Lakini bunduki hatukuishika sisi.

Gari linakuja kesho vilevile. Nakuletea buibui. Ukikataa nitakuburuta, na goti hilihili.

Mwili hawatatupatia. Panda darini leo, ng'oa ubao wenye damu, uufunge kwa kanga, uje nao. Tutauzika kwa dini yake. Padri nitamtafuta mimi.

Mama yako,
Maimunah