Ukingo wa Vikapu Vyako, Mama

Mama,

Machozi niliyamaliza mwezi ule ule tuliokuzika. Barua hii naiandika kwa hasira, na mahali pengine kwa furaha ambayo ungekuwepo ungenipiga kofi kwa ajili yake. Basi kaa vizuri huko uliko unisikilize.

Nimerudi Bweremana kwa vakansi, likizo yetu ya kila mwaka. Ni kiangazi cha kwanza bila wewe. Nyumba saba za majirani ziko palepale kando ya ziwa, watu wamekuja kutoka Goma na Masisi kama kila mwaka, na desturi yetu haijafa: Jumamosi mchana, nyumba inayotundika kitenge kwenye ua ndiyo inayofundisha siku hiyo, na wengine wanabeba viti vyao kwenda kujifunza. Papa Anselme bado anafundisha kusuka nyavu za mawindo kama wanavyosuka kwao msituni Mpofi, ingawa hapa ziwani mnyama mkubwa kuliko wote ni mbuzi. Mwalimu wa nyumba ya mwisho bado anawatupa watoto majini na kusema huko ndiko kuogelea. Mimi wananiita mutoto wa Mama Riziki, kana kwamba Riziki mwenyewe ni mtu mwingine.

Sasa nikuambie habari za Mama Clarisse, jirani yako mliyepakana ua, yule uliyemwachia ufunguo.

Nilipofungua nyumba yako nilikuta rafu karibu tupu. Vikapu vitatu vya mwisho, ulivyoshona ukiwa tayari mgonjwa, ukaniambia ni vya wajukuu ambao sijakuzalia bado, havikuwepo. Kilikuwa kimebaki kile cha nne tu, ambacho hukuwahi kukiwekea ukingo. Nilikwenda kumuuliza Mama Clarisse, akanijibu kwa sauti ya kanisani kwamba hajui chochote, labda wezi. Nikarudi nyumbani, nikafungua picha za majirani kwenye telefone. Siku ya maonyesho ya Noeli ya kazi za mikono, mimi nikiwa bado kwenye matanga yako kule mlimani Lushebere tulikokuzika, yeye alipanga vikapu vyako mezani kwake, akasimama nyuma ya meza meno yote nje. Chini ameandika: kazi ya mikono yangu. Na watu wakampongeza, eti mwanafunzi amemfikia mwalimu wake.

Mama, hakuna anayeweza kunidanganya juu ya ukingo wako. Nyuzi tatu za mgomba zinazopishana kama nywele za msichana wa shule, mweusi uliolazwa kwenye matope ukakolea rangi, mweupe, halafu mweusi tena. Kushona kitako na ubavu ulimfundisha kila aliyekuja na kiti. Ukingo hapana. Ukingo ulikuwa wa yule tu aliyetoa kikapu chake cha kwanza bure, kwa mikono miwili, kama mama yako alivyokutaka wewe ufanye, na anayekipokea hawezi tena kukataa kumfundisha. Mama Clarisse alisoma kwako viangazi vinne na hakuwahi kutoa hata kifuniko. Vikapu vyake vyote viliishia kufumuka juu, na wewe ulikuwa unaniambia nimwache, mkono wake bado haujafunguka. Ulikuwa na subira. Mimi sikuirithi.

Ningeweza kwenda kumpigia kelele uani kwake. Niliwaza pia kumwagia majivu kwenye unga wa zile keki anazofundisha kuoka. Usikasirike, niliwaza tu. Siku tatu niliipika hasira yangu kama maharagwe makavu, moto mdogo na mfuniko juu.

Jumamosi nikatundika kitenge chako cha buluu. Wote wakaja, na yeye akaja, amevaa vizuri. Nikawashukuru kwa pole zao. Nikasema Mama ametutoka lakini kazi yake haikutoka, kwa sababu tunaye Mama Clarisse, sote tuliona vikapu vyake Noeli, na leo atatufundisha ukingo. Kisha nikamwekea mapajani kile kikapu chako ambacho hakijaisha. Watu wakapiga makofi. Papa Anselme akasogeza kiti chake karibu kabisa, maskini, alitaka kujifunza kweli.

Alianza kwa kukohoa. Akasema macho yanamuuma, nikamletea miwani yako. Akasema nyuzi ni kavu, nikazilowanisha mbele yake kama ulivyokuwa ukizilowanisha. Nilikuwa mtamu siku hiyo, Mama, usingenitambua. Alifunga, akafumua, akafunga. Uzi ukakatika. Nikamletea chai, nikamwambia aendelee tu, hatuna haraka. Papa Anselme, ambaye maisha yake yote ni mafundo, ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama vile vidole, akanitazama mimi, akaangalia chini.

Mwishowe akaweka kikapu majanini. Alisema polepole, bila kututazama:

"Miye sijue. Ile vikapo yote iko ya Mama Riziki. Yeye njo alizishonaka."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi ningetaka hii iwe ndefu zaidi kidogo. Nilifurahi. Sitakudanganya wewe uliyenizaa, nilifurahi mpaka mikono ikapata joto. Nilimwambia avirudishe palepale, akavuka majani ya kati ya nyumba zetu mbele ya watu wote akivibeba mwenyewe, safari mbili, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.

Na sikuishia hapo. Jumamosi iliyofuata alitundika kitenge chake kufundisha keki. Nilipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi kuwaambia majirani wasiende. Hawakwenda. Nilikaa barazani kwako nikitazama moshi wa jiko lake, na yeye ameketi katikati ya nafasi aliyowatayarishia watu, mpaka jua likahama. Papa Anselme aliniambia, "Riziki, inatosha sasa." Nikamjibu kwamba yeye hakufiwa na mama.

Jumatatu alikuja kwenye ua wangu. Hakukanyaga ndani. Alikuwa na kikapu kidogo, kibaya, Mama, kimeinama upande mmoja kama mlevi, mishono mikubwa, na juu kimefungwa na kamba ili kisifumuke. Alikinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Riziki, iki njo kikapo yangu ya kwanza. Nakupatia."

Nami nikakipokea. Kwa mikono miwili, nikainama na magoti kidogo, kwa sababu wewe ulinichapa utoto wangu wote kwa kupokea vitu kwa mkono mmoja. Kilikuwa tayari kifuani kwangu nilipokumbuka maana yake. Nilisimama pale kama mtu aliyekamatwa akiiba. Ningemrudishia, ningekuwa nimevunja neno lako na la mama yako. Sijui kama Mama Clarisse alitubu au alipiga hesabu, na nimelala siku mbili nikijiuliza. Lakini desturi haiulizi moyo wa mtoaji, inaangalia mikono. Umenifunga mwenyewe, Mama, na uko mbali siwezi kukugombeza.

Basi nitamfundisha. Nakuahidi, na ahadi niliyokupa sijawahi kuivunja. Nitamfundisha vizuri, bila kumficha hata fundo moja.

Ila desturi yako haikusema ni mahali gani. Unajua kwamba hakuja kukuzika? Alituma ujumbe kwamba barabara ya kupanda ni mbaya. Nimemwambia kesho kutwa tunapanda pamoja Lushebere, kwa barabara hiyo hiyo, na ukingo ataushonea kando ya kaburi lako. Kila akikosea atafumua aanze upya, na kabla ya kuanza upya atakuambia kwa sauti, mimi nikisikia, vile vikapu vitatu vilikuwa vya nani. Amekubali.

Lala salama, mama yangu, mwenye mkono uliofunguka. Usije ndotoni kunibembeleza kabla ya kesho kutwa. Nakujua, wewe utamsamehe kabla hajafika nusu ya mzunguko. Mimi nimeshafunga mzigo wa nyuzi za siku tatu.

Mwanao,
Riziki