Makofi Niliyojipigia Nkwenda

Kwa Mzee Rwegoshora,
Bugomora, Karagwe.
17 Julai 1958

Mpendwa dada yangu Eugenia,

Shikamoo dada. Habari za Tabora, na joto la huko mnalivumiliaje? Shemeji Aristides hajambo? Kile kikohozi alichokipata kazini kwenye reli kimepungua? Na wewe mwenyewe, miguu haivimbi tena? Nauliza mengi kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nikawa naigeuza nione kama umeandika na nyuma.

Sisi huku mwili ni mzima. Kahawa tumeianika, jua linatusaidia, na maharage tumeshapura. Apolinary ameota meno ya chini. Ananiuma akinyonya, kisha ananiachia na kucheka. Ungemwona dada, ungesema baba yetu marehemu amerudi bila ndevu. Mume wangu Egbert bado yuko Uganda kwenye mashamba ya watu. Alitutumia salamu na kitambaa kizuri cha bluu, lakini siku ya kurudi hakuitaja.

Sasa dada, nakuomba ukae chini usome polepole. Moyo wangu haujatulia tangu siku ya soko la Nkwenda, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua nilikuandikia kwamba nimeingia chama cha akina mama. Anayetufundisha ni Bibi Adelgunda, mke wa karani, mtu wa Muleba. Tunajifunza kushona, kuchemsha maji, kulisha watoto. Basi likaja gari lenye mashine ya kunasa sauti za watu, ili baadaye zisikike kwenye redio. Tukaambiwa akina mama wa Bugomora tutashindana kwa maswali na wenzetu wa Nkwenda, pale pale uwanjani, wazee wakiwa wamekaa kwenye viti mbele. Baba mkwe wangu, Mzee Rwegoshora, alikuwamo. Ndiye aliyeniruhusu kwenda, na alivaa koti lake la kanisani.

Bwana wa mashine, kijana mwenye miwani, alitukusanya pembeni akatupa taratibu. Mtu akijibu sawasawa watu watashangilia, na yeye mwenyewe aliyejibu apige makofi pamoja nao. Alisema redio inataka shangwe, na huko kwa wenzetu walioendelea ndivyo wanavyofanya. Tukatazamana.

“Nijipigie mwenyewe?” Dafroza akauliza. Huyu Dafroza ni jirani yangu, mdomo wake haufungwi na kitu. “Na nikikosa je, nijizabe kofi la shavu?”

Tulicheka mpaka Bibi Adelgunda akatukaripia. “Nyie wanawake, bwana huyu ametoka mbali. Fanyeni anavyosema.”

Ilipofika zamu yangu nikaulizwa: mtoto akianza kuota meno, apewe nini zaidi ya ziwa la mama? Nikasema maharage yaliyomenywa maganda na kupondwa laini, ndizi, uji wa ulezi, na karanga zilizotwangwa. Yule bwana akasema ni sawa kabisa. Watu wakapiga makofi, nami nikakumbuka nilivyofundishwa, nikapiga makofi huku nimeikabili ile mashine. Nilipiga kwa nguvu, dada, nisikufiche. Nilikuwa na furaha.

Nilipogeuza uso nikamwona baba mkwe ameinuka. Alichukua fimbo yake akaondoka, wala hakungoja mwisho.

Tangu siku hiyo hakula chakula changu. Napika, nafunika kwa jani la mgomba, Mama Eustadia, mama mkwe wangu, anampelekea, na kinarudi jani likiwa vile vile nilivyolikunja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mama naye akawa ananitazama tu na kuguna.

Kisha yakaanza maswali yake juu ya mtoto. “Apolinary anakula vizuri siku hizi?” Kesho yake tena, “Uji anamaliza?” Jioni moja akamchukua akalala naye, akaniambia nipumzike. Dada, nilijua wanapima nini. Unamkumbuka yule mke wa ng'ambo ya bonde aliyerudishwa kwao? Walimngojea mtoto aache ziwa kwanza, ndipo wakamfungia mzigo wake. Mtoto alibaki kwa baba yake, kwa kuwa ni wa ukoo wao. Na mimi ndiye niliyesimama mbele ya soko zima nikaeleza mtoto anaweza kuishi kwa kula nini!

Basi nikaanza kuficha. Apolinary akila ndizi nampangusa mdomo haraka nisionwe. Mama akiuliza nasema, “Hataki kitu, mama, anataka ziwa tu.” Nilikuwa namnyonyesha hata akiwa ameshiba, anageuza uso, nami namrudisha. Nilikonda. Nikisikia hatua mlangoni nadhani wamekuja kuniambia nifunge nguo zangu. Mume yuko mbali, baba hatunaye, mama yetu umri umekwenda. Ningekwenda wapi bila mwanangu?

Juzi akaja Bibi Adelgunda kwa furaha zake. Tumeshinda, Jumapili ijayo tunakwenda kijiji cha Ndama kushindana tena, na mimi nimechaguliwa wa kwanza. Nilikataa pale pale. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Alipoondoka, Mama Eustadia aliyekuwa anachambua maharage akaniita.

“Kwa nini umekataa? Si ulipata sifa?”

Nikapiga magoti, machozi yakanitoka. Nikamwambia, “Mama, najua nilijivuna mbele ya baba. Nipigeni, nilaumuni, lakini msinitenge na mtoto.”

Akaacha maharage. “Kujivuna? Nani amesema habari ya kujivuna? Binti, ulimshukuru nani siku ile?”

Sikuelewa. Ndipo akanieleza, na dada, ningejua mapema nisingekonda hivi, au labda ningekonda zaidi. Unajua hapa kwetu mtu akipewa shamba au ng'ombe na mkubwa wake, anapiga magoti na kupiga makofi kumshukuru. Mzee aliniona nimemgeukia yule kijana wa miwani nikampigia makofi. Yeye aliyenipa shamba la kahawa, yeye aliyeniruhusu kwenda, amekaa hapo hapo na koti lake, nami nimempa kisogo nikimshukuru mgeni.

“Lakini mama, sikumshukuru yule bwana! Nilijipigia mwenyewe.”

“Mwenyewe?” Mama akashika kiuno. “Mtu hujipigia mwenyewe?”

“Ndivyo tulivyoagizwa.”

“Ee mwanangu. Sasa sijui lipi ni baya zaidi.” Alicheka kidogo, mimi sikuweza. Akasema, “Inuka, twende ukamwambie.”

Nilimfunga Apolinary mgongoni, nikafunga na fundo la pili. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba anakunja mkeka wa kahawa. Nilipiga magoti mbali, macho chini, kama inavyonipasa, nikaamkia. Mama ndiye aliyesema kwa niaba yangu. Aliposema kwamba nilijipigia mwenyewe, mkeka ukaacha kutoa sauti.

“Alijipigia mwenyewe?”

“Ndivyo anavyosema.”

Nilisikia kuku wakiparua chini ya migomba. Kisha akauliza, “Kwani alijipa nini?”

Mama akanitazama nijibu. Sikuwa na jibu la kufundishwa, dada. Nikasema, “Baba, nilidhani nitasahau mbele ya watu wote wale. Sikusahau.”

Mkeka ukaanza tena kutoa sauti. Halafu akamwambia mama, “Aende Ndama. Makofi wampigie watu, wao wana mikono. Yeye mikono yake imshike mtoto wake.”

Alisema mtoto wake, yaani wangu mimi. Nimeyarudia maneno hayo nikichota maji, nikipalilia, mpaka Dafroza ananiuliza nasali rozari gani isiyokwisha. Tulipotoka pale, Mama akaninong'oneza, “Na mwache Apolinary ale uji wake. Mtoto umemnyonyesha mpaka anakukimbia. Nilikuwa nauliza kwa sababu nilidhani ni mgonjwa.”

Jana chakula kilirudi nusu. Sijui kama ameshiba au bado ana kinyongo. Mzee wetu si mtu wa kueleza. Kwa hiyo hofu haijaisha yote. Naogopa Ndama, naogopa swali nisilolijua, naogopa yule bwana wa miwani atakasirika akiniona nimepakata mtoto na kutulia tu. Lakini nitakwenda, na baba mkwe amesema atakuja na koti lake.

Nisalimie shemeji Aristides, wabusu watoto wote, hasa Gaudiosus aliyenichorea jogoo. Mama yetu anakusalimu sana, anasema uji wa ulezi usiusahau hata huko kwenye wali. Mama Eustadia na Bibi Adelgunda nao wanakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awape usingizi mzuri na chakula cha kutosha.

Na dada, ukienda kwa jirani yako mwenye redio, ukanisikia nimejibu halafu watu wote wakashangilia, usihangaike kutafuta makofi yangu humo. Sikiliza kama kuna mtoto anayelia karibu. Hapo ndipo nilipo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kila siku,
Placida