Ta Kato, Bukoba Imerefuka

Ta Kato, baba yangu mdogo,

Huko uliko bila shaka umeshamshika mtu mkono, unamwonyesha njia. Mimi nimekaa hapa kando ya ziwa, viatu nimevua, miguu inawaka moto. Cheka tu.

Tangu tukuzike kule Izigo, katikati ya migomba uliyoipanda mwenyewe, kazi yako ya kutembeza wageni nimeishika mimi. Ndiyo, mimi, nshomile, msomi wa kidato cha pili! Ulikuwa ukiwaambia wageni, "Huyu aliacha shule baada ya walimu kuishiwa maswali." Siku hizi neno hilo nalisema mwenyewe, na wanacheka kuliko walivyocheka kwako. Kofia yako nayo inanipendeza zaidi. Usibishe.

Ila nimechoka, Ta Kato.

Uliwaambia, "Bukoba ni mji wa miguu, waitu, ndugu zangu. Kanisa kuu, soko, maduka ya zamani ya Wahindi, ziwa, vyote utavifikia chai ya asubuhi ikiwa bado ya moto tumboni." Mji huo uliondoka nao. Huu wa sasa ni mrefu, kila hatua nasimamishwa. Mama muuza senene, mwenye karai lake la panzi: "Pole, mwanangu." Fundi baiskeli anaacha gurudumu linazunguka: "Pole, kijana, tumepotelewa." Yule mzee wa Kihindi wa duka la vitambaa alitoka mpaka barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na mgeni wangu amesimama pembeni na kamera yake, hajui atazame wapi. Jioni nikifika nyumbani Kibeta nimejaa pole mpaka kooni, chakula hakishuki.

Basi nikatumia akili, na unajua ninazo. Nikaanza kuwapakia wageni bodaboda. Vuu! Nani atampa pole mtu anayekimbia? Kijiweni nikajisifu kwamba nimeleta maendeleo.

Juzi akaja mwalimu mstaafu kutoka Tanga, mama mmoja mnene, mcheshi kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi. Tulipofika sokoni akashuka kwenye boda, akajifunga kanga kiunoni. "Mwanangu, nimekuja kuuona mji au mgongo wa dereva?" Akaanza kutembea. Nikamfuata mgeni, mimi mwenyeji!

Akashika njia ya Hamugembe bila kujua anakoenda. Nikaomba Mungu rafiki yako Ma Koku asiwepo, maana kwake hukuwahi kupita na mgeni bila kuketi. Alikuwepo, barazani, anamenya ndizi. Akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama alivyowapa wageni wako wote. Mwalimu akatafuna, akakunja uso, akaomba nyingine. Mimi nikasema tuna haraka.

Ma Koku akaweka kisu chini.

"Haraka ya wapi? Kila siku nakuona unapita hapa mbio kwenye pikipiki, uso umeugeuza. Kwani Kato alikuwa wako peke yako? Mimi nilie na nani, na migomba?"

Mimi, Ta Kato! Nikakaa chini kwenye maganda ya ndizi. Tukakulilia palepale mchana kweupe, na mwalimu wa Tanga, ambaye hata sura yako haijui, akalia kutushinda. Kisha akauliza ulikuwa mtu wa namna gani. Ma Koku akainuka akaigiza mwendo wako, tumbo mbele, mikono nyuma, unasalimia mpaka mbuzi. Tulicheka kuku wakakimbia.

Usidhani uchovu umeisha. Mji bado mrefu, na mimi bado natazama nyuma nikidhani umesimama mahali unapiga soga. Lakini kesho nina wageni wengine, na vijana wa boda nimewaambia wasinisubiri.

Pumzika, baba. Nakuahidi nitapita kwa miguu, polepole. Atakayenipa pole nitasimama niipokee, nami nitampa yake.

Mwanao,
mwenye kofia