Ishara ya Kusimamisha Ni ya Kila Mtu

Baba,

Usiinuke, ni mimi tu, Kioko. Najua unashangaa. Mimi niliyetoroka shule kidato cha pili kwa kuogopa insha, leo nimeshika kalamu kwa hiari yangu, na hakuna mwalimu amesimama mlangoni na kiboko. Cheka basi. Makosa utakayoyaona humu yaache yalivyo, huko uliko sidhani kuna kalamu nyekundu.

Nianze na ya nyumbani. Kuku wa Mama, yule mweupe mwenye kiburi, siku hizi anatagia ndani ya kofia yako ya kazi. Ile ya manjano, ambayo mimi nilikatazwa hata kuigusa. Nilitaka kumfukuza, Mama akaniambia nimwache, angalau kuna mtu anaitumia. Ugali bado anaupika kama wa watu watatu. Kinachobaki anampa mbwa wa jirani, na huyo mbwa sasa ana kitambi kukushinda. Mvua imefika Waithaka na matope yake. Kiti chako kiko palepale dirishani. Hakuna anayekikalia, hata wageni wasiojua wanakipita tu, sijui wanaambiwa na nani.

Jengo letu la Westlands limepanda, Baba. Ile siku ulisimama barabarani kunitazama lilikuwa limetoka tu ardhini. Sasa ukitaka kuliona juu lazima ushike kofia isianguke. Na nakwambia bila haya, kutoka Westlands mpaka Kangemi hakuna mtoa ishara wa kreni kama mimi. Wengine wanapunga mikono kama watu wanaofukuza nyuki. Dereva yuko huko juu, hanisikii, ananiona tu, na mkono wangu unaongea Kiswahili safi kuliko mdomo wangu. Huo mkono ni wako. Nimekubali mara moja, usizoee.

Ulinifundishia mezani, si unakumbuka. Wewe ulikuwa mpiga ishara wa Halmashauri ya Bandari na ukaleta kazi nyumbani. Kidole juu, kinazunguka: inua. Kidole chini, kinazunguka: teremsha. Kiganja kimoja kikitulia juu ya mkono unaoashiria: polepole. Mikono miwili ikishikana mbele ya tumbo: funga kazi. Na ile kubwa kuliko zote, mkono umenyooka pembeni, kiganja kinatazama chini, unakwenda na kurudi kama unayepangusa meza: simamisha. Tulikuwa tunaombana chumvi kwa ishara za winchi mimi na wewe, na Mwende dadangu ananuna na vitabu vyake pembeni. Akatuita mabubu wawili. Alisema yeye ataongea kwa mdomo kama watu waliosoma.

Halafu zile safari zetu za tauni, pale katikati ya mji. Tunaenda kununua betri ya redio, tunarudi jioni kwa sababu ulisimama mbele ya kila duka. "Hiyo ilipita gatini." Kioo cha benki kilipita gatini. Mchele, karatasi za gazeti, mitumba, lifti za ofisi za serikali, vyote vilipita gatini, na jinsi ulivyosema ungedhani ulivibeba wewe mwenyewe mgongoni. Nikakuuliza kwa dharau, mbele ya watu, na huyo kunguru juu ya taa pia alipita? Ukamtazama kunguru. Ukafikiria. "Mchele anaookota ulipita."

Historia yako ya bandari niliisikia hata ningeweza kukusahihisha. Kwamba zamani meli zilisimama kwenye kina na mzigo ukaletwa nchi kavu kwa matishari, mashua bapa za mizigo, makuli wakiumalizia kwa migongo. Kwamba gati zikajengwa, na bandari ikaja kuwa ya nchi tatu pamoja, kama sufuria moja ya wake wenza. Na unajua sufuria kama hiyo huishia wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wewe ulikuwa kuli mgeni, ndevu hazijatoka, ukaingia kazini asubuhi hujui mwajiri wako ni nani. Lakini meli ilikuwa imeshafungwa kamba, na mzigo haujui siasa, kwa hivyo mkapakua. Serikali ikaunda Halmashauri yake yenyewe. Yakaja makontena, na winchi moja ikala kazi ya genge zima. Hapo ulikuwa ukivua kofia, kwa sababu genge ni watu, na watu walikuwa marafiki zako. Mwishowe ikaja bandari kavu hapa Nairobi, reli ikawa inapandisha makontena kutoka pwani, ukapandishwa nayo.

Nilikucheka sana na hiyo bandari kavu. Nikasema bandari bila maji ni kama bafu bila mfereji. Ukaniambia maji hayakuwahi kuwa kazi yenu. Meli si ya Halmashauri, mzigo si wake, hata ushuru una wenyewe. Yeye ni mwenye mlango. Anamtuma rubani akailete meli salama, anaifunga, anateremsha, anatunza, kisha anampa mwenye mzigo. "Kazi yetu ni kupokea na kukabidhi." Nikakuita soja wa geti wiki nzima. Hukukasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniudhi, Baba, kukuchokoza na usikasirike.

Sheria moja tu ndiyo hukutaka mzaha nayo. Kwamba ishara za kazi hutolewa na mtu mmoja, watu wawili wakiashiria mzigo unaua. Isipokuwa kusimamisha. Hiyo ni ya kila mtu. Awe meneja, awe mama wa chai aliyepotea njia akaingia gatini. "Mtu yeyote akisimamisha, kazi inasimama. Sababu utauliza baadaye."

Sasa ndio nafika mahali nilikuwa nazunguka.

Ile siku hospitali. Kichwa chako kilikuwa kimeshafunguliwa mara moja baada ya damu kuvujia ndani, na hukuwa umerudi vile tulingoja. Mdomo umekataa. Mkono wa kulia umelala kando yako kama umesahauliwa na mtu mwingine. Daktari akatuambia ukweli kwa upole, kwamba anaweza kufungua tena, lakini hata ukiamka pengine itakuwa maisha ya mashine, na tuamue sisi. Mwende akasema afungue. Hata hakumaliza kusikiliza. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili na kunitazama mimi, mtoto wa mwisho, mimi ambaye hapo nyumbani huulizwa tu kama kuna gesi.

Ndipo mkono wa kushoto ukatoka kwenye shuka.

Nilitazama dirisha, Baba. Nilitaka ukimaliza niwe sijaona. Niliporudisha macho bado mkono ulikuwa umenyooka pembeni, kiganja chini, ukienda na kurudi.

Nikasema, "Baba anasema tusimamishe."

Mwende aligeuka, sijawahi kuona uso wake vile. "Usimwekee Baba maneno mkononi." Akasema huo ni mtetemeko wa ugonjwa, na kwamba hapa si mjengo wa Westlands. Daktari akainama, akakuambia kama umeelewa urudie. Ukarudia. Halafu ukageuza kichwa taratibu upande wa Mwende, ukarudia tena, kwake peke yake. Yeye akatazama dirisha lilelile nililotazama mimi. Akasema yeye anaona mkono wa mgonjwa, zaidi ya hapo haoni kitu.

Mama akasema, "Twendeni nyumbani na mzee wangu."

Ulikufa asubuhi, Mama akiwa anakoroga uji, mimi nakunyoa kidevu. Nilikuwa nakutania kwamba nakuacha na sharubu za askari wa mkoloni. Nikamaliza kukunyoa. Sikujua nifanye nini kingine.

Siku za matanga Mwende alikuwa anaongea na mimi kupitia kwa Mama, na mimi nimeketi pale karibu hata naweza kuguswa. Mwambie alete viti. Mwambie mchungaji amefika. Mara moja tu aliniambia mwenyewe, tukiosha vikombe, wala hakupandisha sauti. "Wewe ndiye ulimsimamisha Baba."

Na mimi, Baba, na mdomo wangu huu wote, nikaendelea kuosha kikombe.

Kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiuliza. Wewe ulikuwa na tabia ya kupangusa makombo mezani baada ya kula, kiganja chini, unakwenda na kurudi. Mwendo ni uleule. Je, kama ulikuwa unataka tu shuka inyooshwe? Je, kama ulikuwa mezani kwako huko ndani ya kichwa, umemaliza kula, unapangusa? Na mimi kwa kupenda sifa nikatafsiri. Mtu anayejiita bingwa wa ishara kutoka Westlands mpaka Kangemi, akasoma vibaya mkono mmoja, wa baba yake. Kazini, hata kabla hatujakuzika, nikaanza kusita kabla ya kila ishara. Fomeni akanitoa kwenye kreni, akaniweka kupanga mbao, akasema nipumzike na msiba. Nilizipanga. Nikawa kila nikiona kreni inapita juu nainamisha kichwa.

Nikuambie jinsi tulivyokuzika, wewe ulikuwa umelala.

Tulikuchimbia kwenye ploti yako hapa Waithaka, kama ulivyotaka, ndugu zako wa Machakos wakinung'unika kidogo lakini wakashika kamba. Na walishika vibaya, jamani. Upande wa kichwa ukashuka, upande wa miguu ukabaki juu, na kila mtu akaanza kuamuru. Shusha wewe. Ngoja huku. Vuta, vuta. Nikaona unainama ndani ya jeneza, nikajua ungekufa mara ya pili kwa aibu. Nikapanda juu ya kile kichuguu cha udongo na kuinua mikono. Sijui walinitii kwa nini. Pengine ni zile nguo nyeusi. Nikanyoosha kidole chini, kinazunguka, na kiganja cha pili juu yake. Teremsha, polepole. Hapo mkono haukusita. Wewe ukakaa sawa, ukaanza kushuka kama mzigo wa thamani.

Ulikuwa umefika katikati nilipouona mkono mwingine.

Ng'ambo ya kaburi. Mwende, viatu vyake vya ofisini vimezama kwenye udongo. Mkono umenyooka pembeni, kiwiko kimefungwa, vidole vimebanana, kiganja kinatazama chini. Unakwenda, unarudi. Hakuwa anapunga. Hakuwa anafuta kitu. Ilikuwa ishara kamili, na ilikuwa na kile kituo chako kidogo mwishoni kabla ya kurudi, ambacho hata mimi sijawahi kukiweza.

Nikasimamisha. Kamba zikakaza, ukabaki unaning'inia. Ndugu yako mmoja akanguruma kwamba mtu hasimamishi maziko, na mwanamke tena. Nikamwambia, "Mtu yeyote akisimamisha, kazi inasimama." Tukangoja. Jasho linawatoka wale wa kamba, na Mwende anakutazama tu, na sisi tunamtazama yeye. Mwishowe akaniangalia mimi, usoni, mara ya kwanza tangu hospitali.

Kisha mwenyewe akanyoosha kidole chini, akakizungusha, akaweka kiganja cha pili juu yake.

Alizijua zote, Baba. Miaka yote ile na vitabu vyake pale mezani, alikuwa anasoma mikono yetu. Nikajua basi kile alichokiona kitandani. Aliuona mkono kama nilivyouona, akausoma kama nilivyousoma, na hakuweza kuutamka. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikimbilia dirisha kwanza.

Ulipogusa chini tulishikana mikono, si yeye na mimi, kila mtu yake mwenyewe, mbele ya tumbo. Funga kazi. Mchungaji akadhani tunaomba, akasema amina, na watu wote wakaitikia.

Mwende hajaniambia kitu juu ya hilo tangu siku hiyo, na sijamuuliza. Lakini Jumapili alikuja, akanimiminia chai bila kumtuma Mama, na nilipomuonyesha kwa kidole kwamba inatosha, akaendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, kwa makusudi, kwa sababu sikutumia ishara inayotakiwa. Huyo ni wewe mtupu.

Nimerudi kwenye kreni. Nakukumbuka kila siku na si kwa njia nzuri tu. Saa zingine kioo kinakuja kutoka pwani, kina vumbi la safari, nageuka nikuambie kilipita gatini, na hakuna mtu. Nageukia hewa. Wenzangu wanadhani natazama upepo. Hilo sijui litaisha lini, na sitaki kujisifu kwamba ninaliweza.

Basi lala, mzee wangu. Tulikupokea ukiwa umechoka, tukakukabidhi ukiwa umenyolewa vizuri. Soja wa geti mwingine angefanya nini zaidi? Ahadi yangu ni hii. Mwende hupita barabara ya chini ya jengo letu kila asubuhi akienda tauni. Siku akisimama pale na kuinua mkono, hata niwe na chuma hewani na fomeni ananifokea, nitasimamisha. Sababu nitauliza baadaye.

Mwanao mtundu,
Kioko, wa gati la Westlands.